Kijana aliyegundulika na kisukari asiachwe peke yake

Leo tunakusudia kuzungumzia maradhi ambayo hutajwa kila siku barazani na misibani, lakini ambayo wengi wetu, na sisi waandishi tukiwamo, tumeyafahamu nusunusu. Nayo ni maradhi ya kisukari, hususan kile kinachompata kijana ambaye hata ndevu hazijamwota. Tumezoea kukiita ugonjwa wa wazee na wa watu wenye uwezo, waliokaa ofisini wakanenepa. Kwa dhana hiyo, kinapomwingia mtoto wa mkulima, mwembamba, anayekwenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu, sisi tulio karibu naye hatumfai kitu, kwa kuwa hatuamini tunachokiona.

Tuuweke mfano wetu Kalenga. Kijiji hicho, kilichoko takriban kilomita 15 kutoka Iringa mjini kandokando ya Mto Ruaha Mdogo, kinajulikana na wengi kwa habari za Mtwa Mkwawa: ngome yake iliyovunjwa na Wajerumani mwaka 1894, na fuvu lake lililorejeshwa kutoka Ujerumani na kukabidhiwa hapo Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Wageni huingia makumbusho, wakatazama, kisha wakaendelea na safari yao ya kwenda kuona tembo wa Ruaha. Wanaobaki ni wakulima wa mahindi, nyanya na vitunguu, ambao kiangazi kikiingia hushuka mabondeni kulima vinyungu. Tumchukulie kijana wa hapo, wa kidato cha pili. Hatumpi jina, kwa kuwa wa mfano wake wapo katika kila wilaya ya nchi hii.

Huanza kwa kiu. Anakunywa maji mtungi mzima, na usiku anaamka mara tatu, mara nne kwenda haja ndogo, katika baridi ya Juni ya nyanda za juu ambayo mtu mwenye afya hataki hata kuutoa mkono nje ya blanketi. Mama anamkemea kwa kunywa maji mengi kabla ya kulala. Anakula sana, na bado suruali inamvuka kiunoni. Darasani anasinzia, mwalimu anamwita mvivu. Baada ya wiki chache anaanza kutapika na kulalamika tumbo, pumzi zake zinakuwa nzito na za haraka kama za mtu aliyekimbia, na kinywani hutoka harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Hapo ndipo familia inaposhtuka, na hapo ndipo makosa huwa mengi zaidi. Wapo watakaosema ni malaria. Wapo watakaosema ni tumbo la kuhara, au vidonda vya tumbo. Wapo watakaosema karogwa, na siku mbili zikapotea kwa mganga. Na mahali ambapo mhudumu hakumbuki kupima sukari, mgonjwa huweza kutundikiwa dripu ya glukosi ili apate nguvu, jambo ambalo kwa mtoto wa hali hii ni sawa na kuumwagia moto mafuta ya taa.

Kipimo chenyewe ni tone moja la damu ya kidole, na jibu hupatikana kabla ya dakika moja kwisha. Mtoto mwenye dalili hizo ambaye kipimo chake kinasoma 11.1 au zaidi, kwa hesabu ya milimoli kwa lita inayotumika hospitalini kwetu, hana haja ya kubahatishiwa tena. Tunaamini, na hii ni rai yetu, kwamba wapo watoto wengi waliozikwa katika nchi hii kwa jina la malaria ilhali hawakuuawa na malaria. Watafiti waliofuatilia jambo hili Dar es Salaam kati ya mwaka 1982 na 1991, wakiwemo madaktari Swai, Lutale na McLarty, walikuta wagonjwa wapya wa kisukari wenye umri wa chini ya miaka 20 hawafiki hata 1 kwa kila watu 100,000 wa rika hilo kwa mwaka. Ni idadi ndogo mno ukiilinganisha na ya nchi za Ulaya ya kaskazini. Huenda ndivyo ilivyokuwa kweli. Lakini mtoto aliyefariki kabla ya kupimwa hahesabiwi na mtafiti yeyote.

Sasa tuseme huyu wetu amebahatika. Amefikishwa hospitali, amepimwa, ametiwa maji na insulini, na baada ya siku kadhaa amefumbua macho na kuomba chakula. Daktari anawaita wazazi na kuwaambia: mtoto wenu ana kisukari, atachoma sindano kila siku maisha yake yote. Neno hilo, kwa mtu wa miaka 15, ni zito kuliko tunavyodhani sisi tunaokwisha kuzoea habari za presha na miguu kuuma. Na akirudi nyumbani, swali la kwanza atakaloulizwa na majirani ni hili: ulikuwa unakula sukari nyingi?

Hapana, hakuwa. Tunapenda jambo hili lieleweke vizuri kwa sababu dhuluma nyingi anazofanyiwa mgonjwa kijana zinatokana nalo. Kuna kisukari cha aina mbili zilizo mashuhuri. Ile inayowapata watu wazima zaidi, ambayo huitwa aina ya pili, mwili bado unatengeneza insulini lakini haifanyi kazi ipasavyo, na kweli unene, kukaa kitako na namna ya kula vina sehemu kubwa ndani yake. Aina hiyo imeongezeka sana nchini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989 katika vijiji sita vya Tanzania ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta wenye sukari iliyozidi ni kama 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Rika na namna za kupima zilitofautiana, lakini hakuna awezaye kusema hali ni ile ile. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo aghalabu huwashika watoto na vijana, ni jambo jingine. Kinga ya mwili, ile ile inayotulinda na vijidudu, hukosea na kuvishambulia vijichembe vya kongosho vinavyotengeneza insulini hadi vinakwisha. Hakuna aliyemletea kijana huyu maradhi haya, si mama yake aliyemwekea sukari kwenye chai, si jirani, wala yeye mwenyewe. Kumwambia kuwa ameyatafuta kwa mdomo wake ni kumzulia.

Na maradhi haya si mageni duniani. Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika kitabu chake cha Qanun, akataja utamu wa mkojo wa mgonjwa na vidonda vinavyooza. Waganga wa Bara Hindi walikwisha kuona kabla yake kuwa sisimizi huufuata mkojo huo, jambo ambalo hata bibi zetu vijijini walilijua. Walijua dalili, dawa hawakuwa nayo. Kwa karne na karne mtoto aliyepata aina hii alikufa baada ya wiki au miezi, na waliotaka kumwongezea siku walimnyima chakula hadi akabaki mifupa. Tarehe 11 Januari 1922, katika hospitali moja mjini Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya kwanza ya insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best na wenzao. Haikufanya kazi vizuri kwa kuwa haikuwa safi. Tarehe 23 mwezi huo akachomwa iliyosafishwa zaidi, na sukari yake ikashuka. Aliishi hadi mwaka 1935, na alipofariki kilichomuua ni homa ya mapafu. Wavumbuzi wale waliuuza ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili usije ukawa mali ya mtu. Kwa hiyo kijana wetu wa Kalenga amezaliwa katika zama ambazo maradhi yake yana jibu. Suala lililobaki ni kama jibu hilo litamfikia, na kama atafundishwa kulitumia.

Hapo kwenye kufundishwa ndipo penye nia ya makala yetu. Hospitali humpa chupa ya insulini na sindano, na mara nyingi, kwa wingi wa wagonjwa waliopo foleni, mafunzo huwa ya dakika chache. Lakini kuishi na kisukari cha aina hii ni elimu yenye mtaala mrefu. Kijana anatakiwa kuifanya mwenyewe, kila siku, kazi ambayo kongosho la mwenzake aliyekaa naye dawati moja linaifanya bila kuulizwa. Anapima, anakisia chakula, anachoma, anangoja, anapima tena. Anajifunza kuchoma tumboni leo na pajani kesho, kwa maana akichoma mahali pamoja siku zote ngozi huvimba na dawa isiingie sawasawa. Anajifunza kuwa vidole vikiwa vimeganda kwa baridi damu haitoki, hivyo asubuhi za Julai hana budi kuiosha mikono kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kujidunga. Anajifunza kuwa siku akiumwa homa na kushindwa kula, bado hatakiwi kuiacha insulini kabisa, kwani homa yenyewe hupandisha sukari. Tumetaja jambo hili la mwisho kwa makusudi: wazazi wengi husema hajala, basi asichome, na mtoto hurudishwa hospitali akiwa taabani.

Chakula chake si cha ajabu. Ugali, maharage, mboga za majani, viazi mviringo, dagaa, parachichi ambalo Mungu ameineemesha nalo mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya, vyote anakula. Anachotakiwa kujua ni kiasi. Ugali ni sukari iliyojificha, viazi vivyo hivyo, na tonge moja la ziada linajulikana kwenye kipimo saa mbili baadaye. Mama mwenye busara atatafuta bakuli moja na kulifanya kipimo cha ugali wa mtoto huyo, asubuhi, mchana na jioni, ili dozi isibabaishwe na mkono wa mpakuaji. Soda na juisi za madukani hizo aziweke mbali, isipokuwa kwa dharura tutakayoitaja. Utomvu mpya wa mianzi, ambao huko huwahi kutolewa hata kwa watoto kabla haujachacha na kuwa ulanzi, nao ni mtamu wa kupandisha sukari. Ukishachacha una hukumu yake nyingine ambayo hatuna haja ya kuirudia leo.

Insulini yenyewe inataka kutunzwa. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda kuwa barafu imeharibika, itupwe hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje ya jokofu kwa kiasi cha wiki nne, alimradi isipate joto kali wala jua. Asiye na jokofu asikate tamaa. Chungu kidogo huwekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati yao mchanga, mchanga ukanyunyiziwa maji mara kwa mara, na dawa ikafungwa kwenye kifuko kisichopitisha maji ndani ya kile kidogo. Maji yanapokauka huondoka na joto. Ni hekima ile ile ya mtungi wa maji ya kunywa uliokaa pembeni mwa nyumba, na kwa hali ya hewa ya Iringa inasaidia sana. Akiba ya chupa ambazo hazijafunguliwa na ikae kwenye jokofu la jirani mwenye umeme, na jirani ajue ni kitu gani ili asije akaisogeza kwenye barafu pamoja na samaki wake.

Sasa tufike kwenye hatari ambayo kila mtu anayeishi na kijana huyu lazima aijue, awe mzazi, mwalimu, nahodha wa timu ya mpira au maalimu wa madrasa. Dozi ikizidi chakula, au akichoma kisha akachelewa kula, au akashinda kinyunguni akilima na kubeba ndoo za maji, sukari hushuka. Ikishuka chini ya 4 anaanza kutoka jasho la baridi, mikono inatetemeka, njaa inamkamata, moyo unamdunda. Ikiendelea kushuka anachanganyikiwa, anaropoka, anakuwa mkali bila sababu, hata akaanguka na kutikisika. Na mara nyingine hayo humjia usiku wa siku aliyofanya kazi ngumu, akiwa amelala.

Ndugu msomaji, tafakari kitu hicho kikitokea madrasa. Kijana anatokwa jasho, macho yamemtoka, anasema maneno yasiyoeleweka. Sisi tunajuana. Wa kwanza atakayefungua mdomo atasema amepandwa na majini, na watu watamzunguka wamshike mikono na miguu wamsomee. Hatumkatazi mtu kumsomea mgonjwa. Tunasema mpeni sukari kwanza. Vijiko vitatu vya chai vya sukari vikikorogwa katika maji kidogo, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha mngoje dakika 15 mumpime tena, na kama bado iko chini mmrudilie. Akipata nafuu apewe chakula. Lakini akiwa amezimia, msimmiminie kitu kinywani, kwani kitampalia. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Kijana mwenyewe asitoke nyumbani bila sukari mfukoni, na maalimu asimkemee akimwona anakula darasani. Tunajua wapo walimu wakali kwa jambo hili. Tunawaomba, kwa heshima yao, wamuulize mtoto kabla ya kuinua fimbo.

Ramadhani nayo ina mtihani wake, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa huwa tunaulizwa. Kijana aliyekwisha kubaleghe anataka kufunga. Wenzake wote wanafunga, na yeye hataki kuonekana mtoto mchanga anayekula mchana. Wengine hufunga kwa siri, wakaficha dalili hadi waanguke. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 13 mwaka 2001, ukihusisha Waislamu wenye kisukari zaidi ya 12,000, ulionyesha kuwa kiasi cha watu 43 katika kila 100 wenye aina ya kwanza walifunga angalau siku 15 za mwezi huo, na kwamba matukio ya sukari kushuka vibaya hadi mtu kuhitaji hospitali yaliongezeka kwao zaidi ya mara nne yakilinganishwa na miezi mingine.

Ruhusa ya mgonjwa kutokufunga imo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 184 na 185, na imetajwa pale pale ilipotajwa amri ya kufunga. Anayetarajia kupona hulipa siku nyingine, na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka, wanazuoni wamesema, hulisha maskini kwa kila siku. Ruhusa hiyo hakuipewa kwa kuonewa huruma na majirani, wala haipungui thamani kwa kuwa aliyeipata ana miaka 16 na anaonekana mzima barabarani. Wapo watu wazima wenye aina hii waliozoea kujipima na wanaofunga kwa uangalizi wa daktari, nao hatuwakatazi. Lakini kwa kijana aliye katika mwaka wake wa kwanza, ambaye dozi yake haijatulia na hajajua mwili wake unavyosema naye, sisi tunaona asifunge, na mzazi ndiye awe wa kwanza kumwambia hivyo, kwa sauti ya upole na mbele ya ndugu zake ili wasimcheke. Na yule aliyeruhusiwa na daktari kufunga, akipima akakuta iko chini ya 3.9, au imepanda kupita 16.6, afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana iadhiniwe.

Kuna wanaoogopa kujipima mchana kwa kudhani tone la damu linabatilisha saumu, na wengine wanaogopa sindano. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilikwisha kuamua kuwa sindano za matibabu zisizo za kulishia mwili hazibatilishi, wala damu inayotolewa kwa ajili ya kupima. Na kwa wale waliosikia zamani kuwa insulini inatokana na nguruwe: ni kweli kwamba kwa miaka mingi ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982 imekuwapo insulini mfano wa ile ya binadamu, inayotengenezwa kwa kutumia vijidudu maabara, na kwa kiasi kikubwa hiyo na jamii yake ndiyo inayotumika leo.

Baada ya miezi michache nyumbani, atakuja mtu na dawa. Huyu hakosekani. Atakuja na chupa ya habbat sauda, au asali, au magome yaliyochemshwa, na habari za mtu wa Makambako au Mafinga aliyepona kabisa akatupa sindano. Hatuna ugomvi na habbat sauda. Wengi wetu tunayo majumbani. Ugomvi wetu ni na yule anayemwambia mtoto aache insulini. Aina ya pili mtu anaweza kupunguza uzito, akabadili chakula, sukari ikatulia, na jirani akadhani amepona kwa majani. Aina ya kwanza haina njia hiyo. Akiacha insulini, siku chache zinatosha kumuua. Na asali, pamoja na baraka zake zote, ni sukari. Tunakumbuka mwaka 2011, nchi nzima ilivyoelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyotajwa. Waislamu kwa Wakristo walilala barabarani kwenye foleni ya magari, kwa hiyo asiwepo wa kumcheka mwenzake. Kiu ya kupona kabisa ni ya kila binadamu, na kijana wa miaka 15 aliyeambiwa maisha yake yote anayo kuliko sisi sote. Kwa sababu hiyo mtu mzima anayemuuzia matumaini ya uongo anabeba dhima kubwa.

Jingine ni aibu. Kijana huanza kuchoma chooni ili wenzake wasione, na msichana huambiwa na shangazi zake afiche hadi aolewe. Matokeo yake ni dozi zinazorukwa shuleni, bwenini, safarini na harusini. Msichana mwenye kisukari kilichotunzwa huolewa na kuzaa, kwa uangalizi wa hospitali, na mume anayeambiwa mapema atajua la kufanya usiku mkewe akitoka jasho la baridi. Kuficha kunamnyima ujuzi huo.

Lakini tusimbebeshe kijana na mama yake mzigo wote kisha tukajiita tumetoa nasaha. Kujipima kunataka vijiti vya kupimia, na vijiti hununuliwa. Mkulima wa nyanya ambaye bei ya tenga inapanda na kushuka asivyojua hawezi kununua vya kupimia mara nne kwa siku, mwezi baada ya mwezi. Asiyepima anachoma kwa kukisia, na anayekisia hujikuta aidha amezimia au figo na macho yake yanaharibika polepole kabla hajafika miaka 30. Kwa watoto na vijana upo msaada: mradi wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa mwaka 2009, umefika Tanzania na unatoa insulini na vipimo bila malipo kupitia kliniki zilizochaguliwa, na Chama cha Kisukari Tanzania kimekuwa kikishirikiana na hospitali katika kazi hiyo. Mzazi wa Kalenga aulize kuhusu kliniki hizo katika hospitali ya Tosamaganga iliyo jirani, au hospitali ya rufaa ya mkoa pale mjini. Asingoje kuambiwa.

Hata hivyo msaada wa kigeni una mwisho wake, na mtoto hukua akavuka umri unaosaidiwa, ilhali kongosho halikui likapona. Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tungependa kuwauliza waheshimiwa wanaozunguka vijijini kuielezea: je, mtu wa miaka 22, asiye na ajira, atapata insulini katika zahanati ya kijiji chake bila kulipa nauli kila mwezi? Je, vijiti vya kupimia vimo, au bima itamlipia mguu ukishakatwa? Kalenga ilingoja miaka 56 kurudishiwa kichwa cha Mtwa wao, tangu 1898 hadi 1954. Mtu wa aina ya kwanza aliyeishiwa insulini hana hata siku kumi za kungoja.

Na misikiti yetu isikae ikitazama serikali. Kila Ijumaa tunachangisha, kwa saruji, kwa mabati, kwa zulia, na ni kheri. Sanduku moja la vijiti vya kupimia halifikii gharama ya zulia. Imamu anaweza kuuliza baada ya swala, bila kutaja jina la mtu, kama kuna familia yenye mtoto anayechoma sindano, na familia ikamfuata faraghani. Anaweza pia kumwalika muuguzi, Muislamu au asiye Muislamu, akawapima watu barazani na kuwaonyesha walimu wa madrasa dalili tulizozitaja. Jumamosi moja inatosha kwa kazi hiyo, na sukari ya kumpa mtoto aliyeanguka hugharimu chini ya shilingi mia mbili. Na iwekwe kwenye kabati la misahafu, mahali ambapo kila mwalimu anapajua.